Herufi Unazisoma, Swala Humwoni

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50. Dereva mgeni hukaza macho mbele: kibao cha mwendo, matuta, lori lililomtangulia. Dereva aliyeizoea njia hii naye hutazama mbele, lakini kazi kubwa anaifanya kwa pembe ya jicho, maana swala hatokei katikati ya lami. Hutokea ubavuni, kwenye majani, na akishatia mguu barabarani muda wa kushika breki umekwisha. Nyati na twiga, pamoja na ukubwa wao wote, huja kwa njia hiyo hiyo.

Presha ya macho, ugonjwa ambao daktari huuandika glakoma kwenye cheti, huanza kula eneo hilo hilo la pembeni. Hauumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi matongo, haliwashi. Mgonjwa hubaki akiona vizuri kilicho mbele yake kwa miaka mingi, huku uoni ukimong'onyoka kidogo kidogo kutoka kandokando. Jicho moja likipungukiwa, la pili humfichia, na ubongo wenyewe hujaza pengo kwa kubahatisha kilichopaswa kuwapo. Ukimsimamisha mtu huyo mbele ya ubao wa herufi, anaweza kusoma hadi mstari wa chini na kuondoka akijisifu kwamba macho yake ni ya kijana. Ubao ule hupima katikati ya uoni tu. Mtu anaweza kuufaulu akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kumwona swala.

Ndani ya jicho, upande wa mbele, kuna maji maangavu yanayotengenezwa saa zote na kutoka saa zote. Haya si machozi. Machozi yako nje. Wakulima wa mpunga wa bonde la mto Mkondoa, wilayani Kilosa, watalielewa jambo hili haraka kuliko sisi tuliosomea darasani: maji yakiendelea kuingia jarubani na mlango wa kutokea ukaziba kwa takataka, kina hupanda. Ndani ya jicho, kinachopanda ni msukumo. Kwa watu wengi hupimwa kati ya 10 na 21, kwa vipimo vya milimita za zebaki. Ukizidi, au hata ukiwa wa kawaida kwa mtu ambaye jicho lake ni dhaifu, hukandamiza mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni moja. Uzi ukifa haufufuki, na hakuna dawa, miwani wala upasuaji wa kuurudisha. Tofauti na mtoto wa jicho iko hapo: mtu aliyefungwa na mtoto wa jicho huingia chumba cha upasuaji akiongozwa kwa mkono, na baada ya siku chache anawahesabu wajukuu wake. Aliyefikishwa hapo na glakoma hana upasuaji wa namna hiyo wa kuusubiri.

Niongeze hapa, kwa sababu nimesikia wengi wakichanganya: presha ya macho si presha ile ya kufungwa mkanda kwenye mkono. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na kidonge cha presha ya damu si tiba ya hii ya jicho.

Ukubwa wa tatizo katika ukanda huu wa Kilosa hatulazimiki kuubahatisha. Mwaka 2000 jarida moja la kimataifa la utafiti wa macho lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Wakati huo Gairo ilikuwa bado sehemu ya Kilosa, haijawa wilaya, kwa hiyo Kongwa na Kilosa walikuwa majirani wa kupakana. Wazee wa huko wanaikumbuka Kongwa kwa mpango wa karanga wa Waingereza uliozinduliwa mwaka 1947 na kufa vibaya. Madaktari wa macho duniani wanaijua kwa utafiti wa trakoma ulioendeshwa huko kwa miongo kadhaa pamoja na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Kwa ajili ya glakoma, watafiti walichagua vijiji 6 kwa kura, wakaandika majina ya kila mkazi wa miaka 40 na kuendelea, wakapata watu 3,641. Asilimia 90 kati yao walifika wakachunguzwa.

Waliokutwa na glakoma walikuwa asilimia 4.16. Kwa maneno mengine, kwenye kila watu 24 waliovuka miaka 40, mmoja anao. Ipeleke hesabu hiyo kwenye mkutano wowote wa kijiji wilayani Kilosa, Rudewa, Zombo au Ulaya, uhesabu vichwa vyenye mvi. Kisiwani Barbados, ambako wakazi wengi wana asili ya Afrika, uchunguzi wa namna hiyo ulikuta asilimia 7 miongoni mwa watu weusi wa rika hilo. Na mjini Baltimore, Marekani, ilionekana kwamba watu weusi wanaupata ugonjwa huu mara nne hadi tano zaidi ya weupe. Kwa hiyo tunaposikia kwamba ni ugonjwa wa dunia nzima, ni kweli, ila mgawanyo wake hauko sawa, na sisi tuko upande uliopewa zaidi.

Trakoma, ambayo ukanda huu uliifahamu mapema, ilikuwa na heri moja: inajitangaza. Mtoto anajaa nzi usoni, mama anaona kope zimegeukia ndani zinamchoma, anang'oa kwa kibano. Ugonjwa ulioonekana ulipata wapinzani: watu walihimizwa kunawa uso, dawa ikagawiwa kijiji kwa kijiji. Glakoma haina nzi. Haina chanjo wala kidonge cha kugawa kwa umma, na hata matangazo ya redioni kuhusu "dalili za hatari" hayaisaidii sana, kwani aina inayowapata wengi wetu haina dalili mpaka imefika mbali. Njia pekee ya kuikuta ni mtu asiyelalamika kukubali kukaa kwenye kiti cha daktari.

Na watu wasiolalamika hawaendi hospitali. Nani atafunga duka Kilosa mjini, au aache kupalilia mahindi Februari, akapimwe macho yanayoona?

Ila kuna wakati mmoja ambapo karibu kila mtu hulalamika, na hapo ndipo naona tunawapoteza wengi. Kuanzia miaka 40 hivi, kioo cha ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja ili kuona karibu. Hilo si ugonjwa, ni umri. Mtu anaanza kuusogeza msahafu au Biblia mbali na uso. Uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Anayechambua mchele anaacha chuya ambazo zamani asingeziacha, na anayetuma pesa kwa simu anamwomba mtoto amsomee namba. Kwa mara ya kwanza maishani mtu huyu amekiri kwamba macho yana neno, na amekiri katika umri ule ule ambao watafiti wa Kongwa waliona inafaa kuanza kuitafuta glakoma.

Anaenda wapi? Anaenda kwa machinga. Stendi ya Mikumi, basi halijasimama sawasawa, dirishani zimeshafika korosho na maji ya chupa, na nyuma yake hakosi mwenye ubao wa miwani. Msafiri anajaribu namba moja na nusu, anaangalia simu yake, anajaribu mbili, herufi zinasimama, analipa. Tatizo limekwisha ndani ya dakika mbili na chenji imerudi. Sina ugomvi na machinga. Miwani ile ya kusomea inafanya kazi yake, na kwa fundi cherehani ni riziki iliyookolewa. Lakini malalamiko yale yalikuwa nafasi. Yangempeleka mtu kwenye chumba ambamo mbali na kupewa miwani, nyuma ya jicho lake pangeangaliwa. Yameuzwa dirishani mwa basi, na hayatarudi tena hadi miaka kumi au kumi na tano baadaye, atakapoanza kujikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Ningekuwa na mamlaka ningeomba jambo dogo: kila anayehitaji miwani ya kusomea kwa mara ya kwanza apimwe presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa nyuma, kama vile mjamzito anavyofika kliniki kwa uzito na kuondoka amepimwa na damu. Mlango wa pili ni kliniki za kisukari na za presha ya damu. Watu wale tayari wanakuja kila mwezi, wameshavuka 40, wana kadi na wana foleni. Mwenye kisukari anatakiwa achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka hata bila kuwaza glakoma. Kazi mbili zingefanyika kwa safari moja.

Uchunguzi wenyewe hauna kisu na hauna sindano, nami nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hofu nyingi inatokana na kutojua. Kwanza herufi, jicho moja moja. Kisha unawekewa tone la ganzi, linawasha kwa sekunde chache, halafu jicho linakuwa zito kama la mtu mwingine. Inafuata rangi ya njano kidogo, unaweka kidevu kwenye mhimili wa mashine, taa ya buluu inasogea, na ncha ndogo inaligusa jicho. Unaiona inakuja na huisikii ikifika. Mashine hiyo ilibuniwa na Goldmann, daktari wa Uswisi, miaka ya 1950, na hadi leo ndiyo vipimo vingine vyote hulinganishwa nayo. Siku hizi vipo pia vya kushika mkononi visivyohitaji ganzi, na hivyo ndivyo vinavyofaa kubebwa kwenye gari kwenda vijijini.

Namba hiyo peke yake haitoshi, na hapa hata baadhi ya wahudumu hukosea. Katika uchunguzi wa Baltimore, zaidi ya nusu ya macho yenye glakoma yalikutwa na namba iliyo chini ya 21 siku ya kwanza yalipopimwa. Msukumo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Ukiambiwa "presha yako ni 17, nenda zako", umepimwa nusu. Nusu iliyobaki ni kuangalia mshipa wenyewe. Chumba kinatiwa giza, pengine umewekewa matone ya kutanua mboni, na daktari anasogea karibu kabisa na uso wako na taa yake. Kifaa cha kwanza cha kuona nyuma ya jicho la mtu aliye hai kilitengenezwa na Hermann von Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1851. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakibishana juu ya mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona. Anachokiona daktari wako ni kiduara chenye rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa, na katikati yake kishimo cheupe. Kwa mtu mwenye afya kishimo huwa kidogo. Kadiri nyuzi zinavyokufa, kishimo hutanuka na ukingo wa waridi hukonda, pengine upande mmoja kuliko mwingine. Anachora anachokiona kwenye faili lako. Mchoro ule una thamani zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa mwaka ujao ataulinganisha. Jicho la mwaka huu na la mwaka ujao yakiwekwa sambamba husema jambo ambalo moja pekee haliwezi.

Ukitanuliwa mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakukera. Kwa hiyo usiende na pikipiki yako. Panda ya mwenzako.

Palipo na mashine ya kupima upana wa uoni, unakaa ukitazama nukta moja katikati na kubonyeza kitufe kila unapoona kamwanga kamemetameta pembeni. Pasipo na mashine, mhudumu hukaa mkabala nawe, kila mmoja anaziba jicho, naye analeta vidole kutoka ubavuni hadi useme umeviona. Zahanati yoyote inaweza kufanya hivyo bila gharama. Huwagundua wale walioharibikiwa sana, na hao nao ni watu.

Wapo ambao ugonjwa huja kwao kwa kishindo. Kongwa, wenye aina ya kufungwa mlango wa maji walikuwa wachache, asilimia 0.59, lakini ukipatwa na kishindo hicho utaikumbuka siku hiyo. Mlango wa maji hufunga ghafla: jicho jekundu, maumivu makali yanayopanda kichwani, kutapika, duara za rangi kuzunguka taa. Kwa wilaya yenye malaria ni rahisi mtu kuanzishiwa dawa za malaria kwa sababu ya kichwa na matapishi, jicho likisahauliwa. Hiyo ni dharura ya saa, wala si ya kusubiri siku ya kliniki. Na kuna watoto wachanga wanaozaliwa na ugonjwa huu. Jicho lao huvimba likawa kubwa, watu wakalisifia, kumbe mtoto anakimbia mwanga na kutokwa machozi muda wote. Macho makubwa kupita kawaida kwa mtoto mchanga yanastahili daktari kabla ya sifa.

Halafu kuna glakoma tunayojinunulia. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yameokoa watu wengi vijijini, na muuzaji wake mara nyingi ndiye mtaalamu wa karibu kuliko wote. Lakini matone yenye dexamethasone, ambayo hutuliza jicho linalowasha kwa haraka ya kushangaza, yakitumiwa wiki hadi wiki bila usimamizi yanaweza kupandisha msukumo wa jicho kimyakimya. Mwathirika mkubwa ni mtoto mwenye mzio, yule anayefikicha macho kila msimu wa vumbi, ambaye mzazi amegundua kwamba "ile dawa inamfaa" na anaendelea kuinunua kwa kuonyesha chupa tupu. Soma maandishi madogo kwenye boksi. Ukiona neno dexamethasone na chupa ya kwanza imekwisha, usinunue ya pili bila kuonwa. Majeraha nayo hayako mbali: jani la mkonge huko Kimamba, jani la muwa mashambani Ruaha, jicho likipona juu linaweza kuanza kupandisha presha miezi au miaka baadaye.

Ukikutwa na glakoma, tiba ya kwanza kwa wengi ni matone. Timolol, ya siku nyingi na ya bei nafuu, huwekwa asubuhi na jioni. Mwenye pumu aseme mapema, kwani haimfai. Latanoprost huwekwa mara moja usiku, ila chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji, na kwa joto la Kilosa ni vema kuuliza duka liliitunzaje. Vuta kope la chini, tone moja, fumba, bonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Shida kubwa ya matone haipo kwenye mkono. Mgonjwa anaweka mwezi wa kwanza, wa pili, haoni nafuu yoyote, kwa sababu dawa hiyo kazi yake ni kulinda kilichobaki. Anaona ametoa pesa bure, anaacha. Daktari asipomwambia waziwazi siku ya kwanza kwamba hataona tofauti, amempoteza.

Ndiyo maana matokeo ya utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, yalipokewa kwa hamu. Wagonjwa 201 wa Tanzania waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa timolol na wengine wakapigwa mwanga wa leza kwenye njia ya kutokea maji, kazi ya dakika chache, mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho ya kundi la leza na asilimia 31 tu ya kundi la matone. Jarida la Lancet Global Health lilichapisha mwaka 2021. Leza haidumu milele, wengine hurudiwa, na mashine hazipo kila mkoa. Lakini kwa mkulima ambaye hawezi kununua chupa mpya kila mwezi maisha yake yote, naona hapo ndipo pesa za serikali zingewekwa kwanza. Pale msukumo unapokataa kushuka, hubaki upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya.

Je, Kilosa inaweza kufikiwa kijiji kwa kijiji? Imeshafikiwa. Utafiti wa MORDOR uliofanyika Niger, Malawi na Tanzania, uliotoa matokeo mwaka 2018 kuhusu dawa ya azithromycin na vifo vya watoto, kwa upande wa Tanzania ulifanyika Kilosa, na timu zake zilikwenda kitongoji kwa kitongoji zikiorodhesha watoto wa chini ya miaka mitano. Aliyeweza kumpata kila mtoto anaweza kumpata kila mwenye mvi.

Wakati tukisubiri hilo, safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko ya wazazi wetu. Mwenye kuishi Mikumi ana hospitali ya Mtakatifu Kizito mjini pale pale na barabara kuu ya kumfikisha Morogoro. Wa Kilosa ana hospitali ya wilaya, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inasimama kwake ikielekea Morogoro na Dar es Salaam, ziliko hospitali za Muhimbili na CCBRT. Anza karibu, uulize siku za kliniki ya macho, uombe rufaa kama vifaa havitoshi. Baada ya 40, mwaka mmoja au miwili isipite bila kuonwa. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepatwa asisubiri umri huo, maana hatari yake ni mara kadhaa ya wengine. Kama mgonjwa ni wewe, siku ya kurudi kliniki nenda na kaka na dada zako. Na mkifika dirishani msiseme mmekuja "kupima macho", maana mtapewa ubao wa herufi na namba ya miwani. Semeni mnaomba kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa wa nyuma ya jicho, na kila mmoja aandikiwe majibu kwenye daftari lake.